Shajara ya mradi: kukadiria ada ya kutuma tokeni kwenye Ethereum

Lengo la kazi

Moduli hii inaandikwa kwa ajili ya pochi ya simu ambayo watumiaji wake wengi hupokea na kutuma USDT, tokeni inayofuata thamani ya dola, na huweka kidogo tu ya ETH, sarafu ya Ethereum yenyewe, ya kulipia ada. Kabla mtumiaji hajabonyeza kitufe cha kuthibitisha, moduli inapaswa kumwambia mambo mawili: ada anayoelekea kukatwa, na salio la chini la ETH analopaswa kuwa nalo ili mtandao uukubali muamala wake. Takwimu hizo mbili hazilingani, na sehemu kubwa ya shajara hii inahusu pengo lililo kati yake, kwa kuwa ndilo linalomwacha mtu na tokeni mkononi asiweze kuzituma.

Wengi wetu tumezoea jedwali la makato la M-Pesa, ambamo kila kiwango cha fedha kina ada yake na anayetuma nyingi hukatwa zaidi. Katika Ethereum mazoea hayo hayatusaidii. Anayetuma USDT 1 na anayetuma USDT 25,000 hulipa karibu ada ileile, ilhali watu wawili wanaotuma kiasi kilekile kwa wapokeaji tofauti, ndani ya bloku moja (fungu la miamala inayoandikwa pamoja), wanaweza kupishana kwa zaidi ya theluthi. Kwa hiyo moduli haina jedwali lolote ndani yake. Kila kadirio linajengwa upya kutokana na hali ya mkataba (programu ya tokeni iliyo kwenye mnyororo wa bloku) na hali ya mtandao kwa wakati huo.

Tangu toleo la London lilipoanza kutumika tarehe 5 Agosti 2021, ada ya muamala ni kiasi cha gesi (kipimo cha kazi ambayo mtandao unaifanya) kilichotumika, kikizidishwa kwa jumla ya ada ya msingi na bakshishi. Ada ya msingi hupangwa na itifaki yenyewe na kuchomwa, yaani kuondolewa kabisa kwenye mzunguko. Bakshishi humwendea mthibitishaji aliyeitunga bloku. Nimetenganisha msimbo kwa kufuata mgawanyo huo: faili moja inashughulikia gesi, nyingine inashughulikia bei, na hakuna funksheni inayogusa yote mawili isipokuwa ile ya mwisho inayoyaunganisha.

Gesi: inakotoka

Kabla ya kuuliza nodi (kompyuta ya mtandao) chochote, nilitaka tuweze kuieleza namba inayorudi, ili siku ikija isiyo ya kawaida tuitambue. Muamala wowote huanza na gesi 21,000. Juu yake huongezwa gharama ya data inayotumwa kwa mkataba: gesi 16 kwa kila baiti isiyo sifuri na gesi 4 kwa kila baiti iliyo sifuri. Agizo la kutuma tokeni lina baiti 68, yaani baiti 4 za kitambulisho cha funksheni ya transfer, ambazo ni a9059cbb, kisha baiti 32 za anwani ya mpokeaji na baiti 32 za kiasi.

Tuchukue mfano wa USDT 25. Kwa kuwa USDT ina nafasi 6 za desimali, kiasi kinachoandikwa ni 25,000,000, ambacho kwa tarakimu za msingi wa 16 ni 017D7840: baiti 4 zisizo sifuri, zikitanguliwa na sifuri 28. Kitambulisho kinagharimu gesi 64. Anwani inagharimu 320 kwa baiti zake 20, ikiwa hakuna iliyo sifuri, pamoja na 48 za baiti 12 zinazoijazia nafasi. Kiasi kinagharimu 64 na 112. Jumla ni 608, na hivyo muamala umeshafika gesi 21,608 kabla mkataba haujaanza kufanya kazi. Tukituma USDT 1 badala ya 25, kiasi kinakuwa 0F4240, baiti moja isiyo sifuri inageuka kuwa sifuri, na tunaokoa gesi 12. Hicho ndicho kipimo chote cha ushawishi wa kiasi juu ya ada.

Uzito uko kwenye hifadhi ya mkataba. Kila salio la tokeni linakaa katika kisanduku chake. Kubadilisha kisanduku ambacho tayari kina thamani, kikiguswa kwa mara ya kwanza katika muamala, kunagharimu gesi 5,000. Kukijaza kisanduku kilichokuwa na sifuri kunagharimu 22,100. Tofauti ni 17,100, na namba hiyo nimeipa jina lake katika msimbo kwa sababu inarudi mara kwa mara. Mpokeaji ambaye hajawahi kushika USDT, au aliyeimaliza yote, humgharimu mtumaji gesi 17,100 zaidi ya mpokeaji mwenye hata senti moja ya tokeni hiyo.

Yaliyobaki ni mambo ya mkataba wenyewe. Mkataba wa USDT husoma orodha ya anwani zilizozuiwa, huangalia kama utumaji umesitishwa, husoma vigezo vya makato yake, na mwishoni huandika tukio la Transfer, ambalo peke yake linachukua gesi 1,756. Kwa ujumla, kutuma USDT kwa mwenye salio kunatumia takriban gesi 46,000, na kwa asiye na salio takriban 63,000. USDC, tokeni nyingine ya dola, hupitia mkataba wakala unaoelekeza kazi kwa mkataba mwingine, kwa hiyo hesabu yake ni tofauti, na hilo pekee linatosha kutukataza kuandika namba moja ya gesi ndani ya msimbo kwa tokeni zote.

Vigezo vya makato vya USDT vinastahili tahadhari. Mkataba una uwezo wa kukata sehemu ya kiasi kinachotumwa, ingawa kwa sasa kiwango hicho ni sifuri. Moduli inavisoma na kuvionyesha kando iwapo vitabadilika, kwa sababu hayo yatakuwa makato ya tokeni, wala si ada ya mtandao, na mtumiaji ana haki ya kujua nani anamkata.

Kuuliza nodi

Njia ya eth_estimateGas huendesha muamala kwa majaribio juu ya hali ya sasa ya mnyororo, kisha hutafuta kikomo kidogo cha gesi ambacho kwacho muamala unafaulu. Hutafuta, haipimi tu gesi iliyotumika, kwa sababu kuna marejesho: mtumaji akimaliza salio lake lote, kisanduku chake kinarudi kuwa sifuri na anarejeshewa gesi 4,800, lakini marejesho hayo huja mwishoni, kwa hiyo kikomo lazima kitoshe kabla hayajafika. Anayeangalia risiti za zamani na kuweka kikomo sawa na gesi iliyoandikwa humo anaweza kukwama katika hali hii hasa.

Masharti matatu yamewekwa katika funksheni inayouliza. Anwani ya mtumaji lazima itajwe. Isipotajwa, nodi huchukulia kwamba mtumaji ni anwani ya sifuri, na kadirio linakuwa la mtu mwingine. Bei haitajwi kabisa katika hatua hii, kwa kuwa ikitajwa, nodi hupunguza gesi inayoruhusiwa kulingana na salio la ETH la mtumaji, na swali la gesi linageuka kuwa swali la fedha bila sisi kukusudia. Tatu, jibu la kukataliwa linasomwa kama habari: mara nyingi maana yake ni kwamba salio la tokeni halitoshi, na ujumbe anaoonyeshwa mtumiaji unapaswa kusema hivyo badala ya kusema kwamba ada imeshindwa kukadiriwa.

Kuna watumiaji wanaotaka kujua ada kabla tokeni hazijawafikia. Kwa hao, simulizi ya kawaida hukataliwa, kwa sababu hawana cha kutuma. Geth, programu ya nodi za Ethereum, inaruhusu kubadilisha hali ya mkataba kwa muda wa simulizi tu, bila kugusa mnyororo, na ndiyo njia tuliyoichagua. Tunakokotoa mahali kisanduku cha salio la mtumaji kilipo, kwa kupitisha anwani yake pamoja na namba ya nafasi ya ramani (orodha ya masalio ndani ya mkataba) katika keccak-256, kanuni ya hashi ya Ethereum, kisha tunakijaza kiasi kinachohitajika. Katika USDT ramani ya salio iko nafasi ya 2. Katika USDC iko nafasi ya 9. Namba hizi zinahifadhiwa kwa kila tokeni iliyothibitishwa, na tokeni isiyo na namba yake haipewi huduma hii. Kubahatisha hapa kungetoa makadirio yanayoonekana ya kweli yasiyo na msingi.

Bei

Upande wa bei ni mwepesi kuliko unavyodhaniwa, kwa sababu ada ya msingi ya bloku inayofuata haikisiwi; inajulikana. Itifaki huikokotoa kutokana na bloku iliyotangulia: bloku ikijaa kupita nusu ya uwezo wake, ada hupanda, ikipungua chini ya nusu, ada hushuka, na mabadiliko hayazidi asilimia 12.5 kwa bloku moja. Njia ya eth_feeHistory hurudisha ada za bloku zilizopita na kuongeza moja ya mbele. Uwezo wa bloku hauandikwi popote katika msimbo wetu. Kwa muda mrefu ulikuwa gesi milioni 30, lakini mwaka 2025 wathibitishaji waliupandisha zaidi ya mara moja, na moduli iliyofungwa kwenye namba ya zamani ingekuwa imeshapitwa.

Bakshishi inahitaji busara kidogo. Tunachukua bloku za karibuni, tunaomba bakshishi ya katikati ya kila bloku, tunaondoa bloku tupu kwa sababu zinarudisha sifuri, kisha tunachukua wastani wa kati wa zilizobaki, yaani ile iliyo katikati zikipangwa kwa ukubwa. Wastani wa kawaida haufai, kwani muamala mmoja wa mtu mwenye haraka kubwa unaweza kuuvuta juu kwa kila mtu.

Dari ya bei ambayo mtumiaji anaisaini ni ada ya msingi mara mbili, kujumlisha bakshishi. Mara mbili si namba ya kubuni. Ada ikipanda kwa asilimia 12.5 mara tano mfululizo inafika mara 1.80 ya ilivyokuwa, na ikipanda mara ya sita inafika mara 2.03. Kwa hiyo dari hiyo inaulinda muamala kwa bloku sita tukihesabu ile inayofuata, hata kama zote zingejaa kabisa. Na kwa kuwa bloku hutoka kila sekunde 12, tunazungumzia zaidi kidogo ya dakika moja ya msongamano mkali. Mtumiaji halipi dari. Analipa ada ya msingi ya bloku iliyouchukua muamala wake pamoja na bakshishi, na kilichozidi hakikatwi.

Kikomo, dari na salio dogo

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, na ningependa wenzangu watakaoupitia msimbo wapasome kwa utulivu. Nodi haipokei muamala kwa kuangalia ada ya kweli. Inazidisha kikomo cha gesi kwa dari ya bei, na salio la ETH lisipofika hapo, muamala unakataliwa papo hapo. Kila nyongeza tunayoiweka kwa ajili ya usalama, iwe kwenye gesi au kwenye bei, inaongeza ETH ambayo mtumiaji lazima awe nayo hata kama haitakatwa kamwe. Kwa mwenye ETH nyingi hilo halionekani. Kwa watumiaji tunaowaandikia, ndilo linaloamua kama fedha zao zitatoka.

Mazoea ya kuongeza asilimia 10 juu ya kadirio la gesi nimeyaacha. Tuseme mpokeaji ana salio, na kadirio ni gesi 46,000. Tukiongeza asilimia 10 tunapata 50,600. Mpokeaji huyo akihamisha USDT yake yote baada ya sisi kukadiria na kabla muamala wetu haujaingia kwenye bloku, kisanduku chake kinakuwa sifuri, mahitaji yanaruka hadi takriban 63,100, na muamala unaishiwa gesi njiani. Tokeni hazihami, lakini gesi yote ya kikomo inalipiwa. Hata asilimia 25 isingetosha. Wala hili si jambo la nadra: anwani za kuweka fedha ambazo masoko ya sarafu huwapa wateja wake hukusanywa na kuachwa tupu mara kwa mara, na watumiaji wetu wengi hutuma huko.

Hivyo kikomo kinajengwa kutokana na sababu inayojulikana. Moduli inauliza salio la mpokeaji kwa balanceOf. Likiwa sifuri, kadirio tayari limebeba gharama ya kisanduku kipya. Likiwa zaidi ya sifuri, tunaongeza 17,100 nzima. Kisha katika hali zote mbili tunaweka nyongeza ndogo kwa mabadiliko mengine ndani ya mkataba. Kwa USDT tunafika karibu gesi 66,000, na gesi isiyotumika haikatwi.

Tuitazame hesabu kwa karibu. Ada ya msingi ijayo ni gwei 8 na bakshishi ni gwei 1 (gwei ni sehemu moja ya bilioni ya ETH). Ada inayotarajiwa kwa mpokeaji mwenye salio ni 46,000 mara 9, yaani gwei 414,000, sawa na ETH 0.000414. Dari ya bei ni gwei 17, na ikizidishwa kwa kikomo cha 66,000 inadai ETH 0.001122. Mtumiaji ana ETH 0.001. Ana zaidi ya mara mbili ya ada ya kweli, na bado tukimpelekea nodi muamala huu utakataliwa.

Kitu kimoja lazima kipunguzwe, na msimamo wangu ni kwamba tupunguze dari ya bei, tusiguse kikomo cha gesi. Dari ikiwa fupi, muamala unasubiri. Mtumiaji anaweza kuungoja au kuubadilisha kwa mwingine wenye namba ileile ya mfuatano na bei iliyoongezwa, ambapo Geth hudai nyongeza ya asilimia 10 angalau. Kikomo kikiwa kifupi, ada inateketea na tokeni zinabaki pale pale. Kati ya kumchelewesha mtu na kumpotezea fedha, uchaguzi si mgumu.

Basi tunagawanya salio kwa kikomo: gwei 1,000,000 kwa 66,000 ni gwei 15.15. Hiyo ndiyo dari yake, na funksheni ifuatayo inasema dari hiyo inavumilia nini. Thamani zote ni wei (sehemu moja ya bilioni ya gwei), namba kamili.

```
def hatua_zinazofunikwa(dari, msingi, bakshishi):
    if dari < msingi + bakshishi:
        return None
    hatua = 0
    while True:
        msingi += max(msingi // 8, 1)
        if msingi + bakshishi > dari:
            return hatua
        hatua += 1
```

Kwa mfano wetu ada ya msingi inapanda kutoka 8 hadi 9, kisha 10.13, 11.39 na 12.81, mara ya tano ingefika 14.42, ambayo pamoja na bakshishi inapita 15.15. Jibu ni 4, kumaanisha bloku tano tukihesabu inayofuata, au kama dakika moja. Pochi inamruhusu mtumiaji atume, na inamwambia kwamba mtandao ukizidiwa muamala wake unaweza kuchelewa. Funksheni ikirudisha None, pochi haitumi. Inataja ETH inayopungua, hadi tarakimu ya mwisho, ili asijaze zaidi ya anachohitaji.

Upande wa JavaScript unaoonyesha matokeo kwenye skrini umepewa sharti la kutumia BigInt kila mahali. Namba za kawaida za lugha hiyo hupoteza usahihi zikipita 9,007,199,254,740,991, na kwa wei hiyo ni ETH 0.009 tu, kiasi ambacho salio la kawaida linakipita kwa urahisi. Kuzungusha kunafanyika mara moja, mwishoni, na daima kuelekea juu.

Majaribio

Majaribio yanaendeshwa kwa Anvil, programu ya kuiga Ethereum kwenye kompyuta, juu ya nakala ya mnyororo mkuu iliyofungwa kwenye bloku moja, ili matokeo yasibadilike kutoka siku hadi siku. Wapokeaji ni watatu: mwenye salio, asiye na salio, na yule anayemalizwa salio kati ya kadirio na utumaji. Huyo wa tatu ndiye kipimo halisi cha kikomo, na hakuna mabadiliko ya msimbo yanayopokelewa bila yeye kupita. Baada ya kila utumaji, gasUsed inazidishwa kwa effectiveGasPrice kutoka kwenye risiti na kulinganishwa na ada iliyotabiriwa. Kwa mpokeaji wa tatu utabiri wa ada lazima upishane na risiti kwa karibu 17,100 za gesi, na jaribio linathibitisha kwamba unapishana hivyo. Linalodaiwa kwake ni muamala kufaulu.

Mitandao ya tabaka la pili

Kwenye Base na Optimism, mitandao iliyojengwa juu ya Ethereum, eth_estimateGas huhesabu utekelezaji peke yake. Gharama ya kuandika data ya muamala kwenye Ethereum hutozwa kando, na inasomwa kwa getL1Fee kutoka mkataba ulioko 0x420000000000000000000000000000000000000F. Sehemu hiyo haina dari anayoisaini mtumiaji, kwa hiyo inaongezwa moja kwa moja kwenye salio linalotakiwa. Arbitrum hufanya kinyume: huingiza gharama hiyo ndani ya kadirio la gesi, na hivyo kadirio lake hupanda na kushuka kufuatana na hali ya Ethereum hata kama mkataba na mpokeaji ni walewale. Kwa Arbitrum nyongeza ya asilimia inarudi kuwa na maana, na imewekwa huko tu.

Kinachofuata

Kazi inayofuata ni Tron, mnyororo mwingine, ambako USDT nyingi hupita na ambako hakuna gesi wala ada ya msingi, bali nishati na kipimo data, na bei zake zinasomwa katika vigezo vya mnyororo. Tofauti ya mpokeaji mpya iko huko pia, na ni kubwa zaidi: takriban nishati 65,000 kwa mwenye salio na 131,000 kwa asiye nalo. Kabla ya kuandika chochote nitapima jinsi fee_limit, dari ya ada inayotajwa kwa sun (sehemu moja ya milioni ya TRX, sarafu ya Tron), inavyohusiana na nishati ambayo mtumaji tayari anayo, kwa kuwa mwenye nishati ya kutosha hakatwi TRX kwa sehemu hiyo na kadirio linapaswa kumwonyesha sifuri.